Kuuliza si Utovu wa Adabu

Hapana nyumba isiyo na mlango, wala hapana mlango usio na desturi yake. Kwetu sisi mgeni hubisha hodi, kisha hungoja. Aliye ndani hujibu karibu, lakini ikiwa sauti ni ngeni huuliza kwanza, "Nani?" Mgeni mwema hakasiriki. Hutaja jina lake, na mahali atokako, na haja iliyomleta. Na giza likiwa limeingia huongeza neno la kumtambulisha zaidi. Mwungwana hakupata kurudi kwao akinung'unika kuwa ametukanwa kwa sababu aliulizwa jina mlangoni. Mwizi peke yake ndiye anayechukizwa na swali hilo.

Msomaji, nimeanza na mlango kwa sababu insha hii ni habari ya milango. Lakini milango nitakayoieleza haina bawaba wala komeo. Ni milango ya mitandao ya kompyuta, ambamo kampuni, benki, hospitali na shule za siku hizi zimeweka fedha zao, siri zao na majina ya watu wao. Swali ambalo nataka tulifikiri pamoja ni la maadili zaidi kuliko la ufundi. Je, mtu amtakaye mkubwa wake, au rafiki yake, athibitishe kuwa ni yeye hasa, amemvunjia heshima? Wengi wetu hujibu ndiyo kwa vitendo vyao, ijapokuwa kwa midomo husema siyo. Mimi nitajaribu kuonyesha kuwa swali hilo ni sehemu ya heshima yenyewe, na kwamba mahali ambapo kuuliza kumekuwa aibu, mwizi amekwisha kupewa ufunguo.

Mtu akisafiri kutoka Nairobi kwa barabara kuu ya Thika hupita Ruiru kwanza, na baada ya mwendo mfupi hufika Thika. Miji hii miwili huishi kwa kazi. Ruiru ina kiwanda cha maziwa cha Brookside na viwanda vya chuma. Thika ina kiwanda cha mafuta ya kupikia cha Bidco, na nje ya mji mashamba ya mananasi ya Del Monte yametandaa kadiri macho yanavyoweza kuona. Katika malango ya viwanda yupo bawabu. Gari likija hulisimamisha, hutazama chini yake kwa kioo, hufungua buti, huandika namba yake katika daftari. Mwenye gari hungoja bila kununa. Meneja mwenye busara hangoji tu, bali hufurahi. Maana siku bawabu atakapoacha magari yapite bila kutazamwa, mali iliyo ndani haitakuwa na mwenyewe tena.

Lakini kila kiwanda kina lango la pili lisiloonekana. Kompyuta ya karani imeungwa na ya mhasibu, ya mhasibu imeungwa na ya ghala, na zote zimeungwa na dunia nzima kwa njia ya intaneti. Kwa njia hiyo duka huagiza bidhaa bila kutuma mtu, mfanyakazi hulipwa mshahara bila kupanga foleni, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 mzazi aliye kijijini huweza kutuma karo kwa simu ya mkononi. Hizi ni neema kubwa, na mtu anayezibeza hana shukrani. Walakini barabara haimchagui msafiri. Njia iletayo karo ndiyo iletayo mwizi, na mwizi huyu hana haja ya kuvuka mto Chania wala kuruka ukuta. Aweza kuwa bara jingine, ameketi kitini, anakunywa chai.

Wezi wa mitandao wana njia nyingi, lakini tukizitazama kwa makini twaweza kuzigawa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la wale wazibao mlango. Hao hawaibi kitu. Hutuma maombi mengi mno kwa wakati mmoja mpaka kompyuta inayohudumia watu ielemewe, kama duka dogo lililovamiwa na umati wa watu wasionunua, hata mnunuzi wa kweli akakosa pa kupita. Mwisho wa Julai 2023 Serikali ya Kenya ilifikwa na jambo hilo. Mtandao wa eCitizen, ambao wananchi huupitia kupata huduma za Serikali kwa maelfu, ulielemewa. Watu walikwama katika kuomba pasipoti na vibali, na wageni wakapewa viza walipowasili kwa kuwa njia ya kuiomba mtandaoni ilikuwa haipitiki. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitangaza kuwa ndilo lililotenda, na Oktoba 2024 Marekani ilitangaza mashtaka juu ya ndugu wawili wa Sudan kwa matendo ya kundi hilo.

Fungu la pili ni la watekaji. Hao huingia kwa siri, huzifunga taarifa za kampuni kwa maandishi ya fumbo yasiyosomeka, kisha hudai kikombozi. Na siku hizi huchukua kwanza nakala ya taarifa hizo, ili asiyelipa atishwe kwa kutangaziwa siri zake. Aprili 2023 kampuni ya maduka ya Naivas, ambayo watu wengi wa sehemu zetu hununua unga na sukari kwake, ilitangaza kuwa ilishambuliwa na watekaji wa namna hiyo na kwamba baadhi ya taarifa zake zilichukuliwa. Kampuni ile haikuficha jambo hilo, na nitaeleza baadaye kwa nini tangazo kama lile ni tendo la maana.

Fungu la tatu ndilo linalogusa swali letu. Ni la wale wajifanyao watu wengine. Hao hawavunji mlango wala hawauzibi. Hubisha hodi kwa sauti ya mtu unayempenda au unayemwogopa, nawe huwafungulia kwa mkono wako mwenyewe. Mwanzoni mwa 2024 mfanyakazi wa idara ya fedha ya kampuni ya wahandisi Arup, katika mji wa Hong Kong, alipokea ujumbe wa kumtaka alipe fedha kwa siri. Aliutilia shaka. Kisha akaitwa katika mkutano wa video, akamwona mkuu wa fedha wa kampuni na wenzake wengine, akawasikia wakisema. Shaka yake ikamtoka, akalipa. Zikatoka dola milioni 200 za Hong Kong, ambazo ni kama milioni 25 za Kimarekani. Nyuso zile na sauti zile zilikuwa zimetengenezwa na kompyuta. Katika mkutano ule mtu wa kweli alikuwa yeye peke yake.

Fikiri, msomaji, juu ya shaka ya mtu yule. Akili yake ilimwonya. Kilichomshinda hakikuwa ujinga, bali ni ile tabia njema tuliyofundishwa sote tangu utoto, ya kumwamini mkubwa unapomwona na kumtii anaposema. Wezi wa zama hizi wamegundua kuwa tabia hiyo ni mlango mpana kuliko yote. Fundi anaweza kuuimarisha ukuta wa mtandao kwa mwezi mzima, na neno moja la unyenyekevu likaupasua kwa dakika moja.

Nisije nikaonekana kuwa nahukumu watu wa mbali, nitaeleza jambo lililotokea mbele ya macho yangu, nami nina sehemu yangu katika aibu yake. Nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya sekondari ya sehemu hizi. Jina lake halina faida. Karani wetu wa fedha alikuwa mama wa makamo, mwaminifu katika senti kama katika shilingi. Ijumaa moja, saa nane mchana, alipokea baruapepe iliyoonekana kuwa imetoka kwa Mkuu wa shule. Ilisema kuwa mfanyabiashara atuuziaye mahindi na maharagwe amebadilisha akaunti yake ya benki, kwamba deni lake lilipwe kabla ya saa kumi katika akaunti mpya, na kwamba Mkuu yumo mkutanoni Nairobi, kwa hiyo asipigiwe simu.

Mama yule alinikuta barazani, nikiwa na rundo la madaftari mkononi. Akaniambia, "Mwalimu, hebu nitazamie barua hii. Moyo wangu hautulii. Waonaje, nimpigie Mkuu?" Naliitazama kwa muda ambao mtu hutazama saa ukutani. Nikamjibu, "Mama, mwenyewe amesema asisumbuliwe. Ukimpigia atakuwa mkali. Wewe lipa." Nalijua nisemalo, kwa kuwa mwezi uliotangulia alikuwa amempigia Mkuu kuhakikisha hundi, na Mkuu akamwuliza mbele yetu kama hajui kusoma. Tulicheka siku ile. Basi mama akaenda akalipa.

Jioni ileile aliisoma tena ile barua, akaona kuwa anwani yake ilizidi ile ya Mkuu kwa herufi moja. Angalisema saa ile pengine benki ingaliweza kuzizuia fedha zile. Hakusema. Aliogopa. Alikaa na siri yake Jumamosi na Jumapili, hali wezi wanahamisha fedha kutoka mahali hata mahali. Na Jumatatu alipofungua kinywa palikuwa hapana kitu tena cha kuzuia. Kikao kikafanywa. Ikaamuliwa akatwe mshahara kidogo kidogo mpaka deni liishe. Mimi nilikuwamo katika kikao kile, nikanyamaza. Muhula uliofuata aliacha kazi. Baadaye nilimwendea nyumbani kwake nimtake radhi. Alinikaribisha, akanipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho; kisha akasema maneno machache tu: "Mimi niliuliza, Mwalimu. Niliuliza."

Je, nani alikuwa mkosa? Wa kwanza ni mwizi, na hilo tusilisahau kamwe, maana ni desturi mbaya kumkemea aliyeibiwa hata mwizi akasahauliwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandao yamhesabu mtu aingiaye katika kompyuta isiyo yake bila idhini kuwa ni mhalifu, na adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Lakini mwizi alisaidiwa. Alisaidiwa na Mkuu aliyelifanya swali kuwa aibu, alisaidiwa na sisi tuliocheka, na alisaidiwa na mimi niliyetoa shauri bila kusoma. Mama aliyelaumiwa peke yake ndiye pekee aliyekuwa ameuliza.

Wapo watakaosema, "Ukiwafundisha vijana kuwahakiki wakubwa, umeua adabu. Kesho watamwuliza baba kitambulisho." Hoja hii si ya kudharauliwa, kwa kuwa adabu ni nguzo ya jamii, na nguzo haing'olewi kwa mchezo. Lakini yatupasa kupambanua. Adabu hutuamuru tumheshimu mkubwa. Haituamuru tumheshimu kila ajitwaliaye jina la mkubwa. Amtiiye mwongo kwa sababu amevaa joho la baba yake hakumheshimu baba. Amemsaidia mwongo kulichafua joho. Karani apigapo simu na kuuliza, "Mzee, ni wewe uliyeniagiza?" hasemi, "Mzee, wewe ni mwongo." Asema, "Mzee, jina lako ni la thamani. Sitaki litumiwe na mwingine." Je, kuna heshima iliyo kubwa kuliko hiyo?

Tena, mali inayolindwa aghalabu si ya anayeulizwa wala ya anayeuliza. Fedha za shule ni za wazazi. Nyingine zimetoka katika majani ya chai yaliyochumwa alfajiri, nyingine katika mboga zilizouzwa sokoni mvua ikinyesha. Taarifa za hospitali ni siri za wagonjwa. Mtunzaji wa amana ya watu hana ruhusa ya kuwa mkarimu kwa amana hiyo. Akitoa chake mwenyewe bila kuuliza, huo ni ukarimu. Akitoa cha wenziwe bila kuuliza, huo ni uzembe, hata ukivikwa nguo ya adabu.

Faida ya swali huonekana hata pale palipokuwa na hasara. Februari 2016 wezi walioingia katika kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh walituma amri za kuhamisha karibu dola bilioni moja kutoka katika akaunti ya benki hiyo iliyokuwa New York. Walichagua mwisho wa juma, ambapo ofisi za Bangladesh zilikuwa zimefungwa. Dola milioni 81 zilikwenda Ufilipino, na nyingi hazikurudi. Lakini malipo ya dola milioni 20 yaliyokuwa yakielekea Sri Lanka yalisimama kwa sababu neno moja katika amri yake liliandikwa vibaya, na mtu wa benki iliyokuwa njiani akauliza maana yake. Swali moja la karani liliokoa dola milioni 20. Kuuliza si ujinga, walisema wazee; nao walisema kweli kabla ya kompyuta kuwako.

Wengine watasema, "Kwa nini kumtwisha karani mzigo huu? Wekeni mashine zilinde mashine." Nami nasema mashine ziwekwe, na ni kosa kubwa kutoziweka. Hapana budi kila akaunti yenye maana iwe na ithibati ya pili zaidi ya neno la siri, kama vile namba ya muda katika simu, ili mwizi aliyeiba ufunguo mmoja akute kufuli la pili. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ililifunga bomba lake la mafuta kwa siku kadhaa na kulipa kikombozi cha kama dola milioni 4.4, na watekaji walikuwa wameingia kwa neno moja la siri la akaunti isiyo na ithibati ya pili. Hapana budi vilevile programu zitiwe masahihisho mapema yanapotolewa. Mei 2017 programu ya utekaji iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza. Na dawa ya ufa ule ilikuwa imetolewa tangu Machi, lakini wengi hawakuipaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena nakala za akiba ziwekwe mahali palipotengwa na mtandao, ili aliyetekwa asiwe mtumwa wa mtekaji. Na kila mfanyakazi apewe funguo za vyumba vya kazi yake tu, maana mpishi hana haja ya ufunguo wa hazina.

Haya yote ni mema, lakini ni ulinzi unaotoka nje. Hapa Ruiru yako makao ya utafiti wa kahawa, na historia yake yaweza kutufundisha. Ugonjwa wa chulebuni, ambao ni kuvu linaloozesha matunda ya kahawa yakiwa mabichi, ulielezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1922, na katika miaka ya sitini uliwaletea wakulima hasara kubwa. Dawa ya kunyunyiza ilikuwako, lakini ilikuwa ghali, na mvua iliiosha, na mkulima aliyekosa kunyunyiza kwa wakati alipoteza mavuno. Basi wataalamu wakatafuta njia nyingine: wakachagua miti yenye nguvu ya ugonjwa katika asili yake, wakaichanganya kwa kuichavusha, na mwaka 1985 ikatolewa kahawa iitwayo Ruiru 11, yenye kuuhimili ugonjwa huo pamoja na kutu ya majani. Ulinzi uliokuwa juu ya jani ukahamia ndani ya mti. Mkulima hakuacha kutunza shamba lake kwa sababu hiyo. Palizi na mbolea vilibaki kuwa kazi yake. Lakini mti wenyewe ulikuwa umekuwa mlinzi.

Ndivyo ilivyo katika kampuni. Mashine ni dawa ya kunyunyiza: zatakiwa, zina gharama, na zinapochakaa lazima zibadilishwe. Tabia ya kuuliza ni nguvu iliyo ndani ya mti. Kampuni yenye mafundi hodari na watu waoga ni mti dhaifu ulionyunyizwa dawa. Mvua moja yatosha. Na tabia hii haipandwi na karani, hupandwa na meneja. Meneja apigiwapo simu na mfanyakazi wa chini kuhakikisha amri yake, akijibu, "Umefanya vema, ni mimi," amejenga ukuta usionunuliwa dukani. Akijibu, "Kwani hunijui?" ameubomoa.

Kuna ndugu wa swali, naye ni ungamo. Mtu huweza kuuliza na bado akadanganywa, kwa kuwa hapana binadamu asiyekosea. Itakuwaje basi atakapokosea? Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu yaitaka taasisi iliyovujiwa na taarifa zinazoweza kuwadhuru wenyewe imwarifu Kamishna wa Taarifa katika saa 72 tangu kujua. Sheria hiyo ina hekima, kwa kuwa ubaya wa uvujaji huongezeka kwa saa, na mwenye taarifa akijulishwa mapema aweza kujikinga. Kampuni itangazayo kuwa imeshambuliwa hupata aibu ya siku chache. Ile ifichayo huwaacha wateja wake uchi kwa miezi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Lakini taasisi itapataje kusema katika saa 72, ikiwa karani wake anaogopa kusema kwa siku mbili? Hapo ndipo haki na faida hukutana. Asemaye kosa lake upesi asiadhibiwe sawa na yule afichaye, wala sawa na yule aliyeshirikiana na mwizi. Sisemi kuwa uzembe usikemewe. Nasema kuwa kosa la mtu mwaminifu likitozwa bei ya uhalifu, waaminifu watajifunza kunyamaza, na kimya chao ndicho chakula cha wezi. Mama yetu alinyamaza siku mbili, na siku mbili zile hakuzitunga yeye. Tulizitunga sisi, kwa kila kicheko tulichomcheka.

Nisieleweke vibaya. Mtu asiyemwamini yeyote ni mgonjwa kama mtu amwaminiye kila mmoja. Kampuni ikiwachungulia wafanyakazi wake mchana na usiku, ikasoma barua zao za nyumbani kwa kisingizio cha ulinzi, imegeuka kuwa mwizi wa aina nyingine. Swali la mlangoni lina mipaka: huulizwa kwa wote sawasawa, huulizwa kwa upole, na huishia mlangoni. Mgeni akishajitambulisha hapekuliwi mpaka kitandani. Tahadhari iliyo njema ni ile impayo mtu nafasi ya kuonyesha ukweli wake, siyo ile inayomhukumu kabla hajasema.

Sasa, msomaji kijana, nakugeukia wewe. Miaka michache ijayo utakaa katika kiti cha karani, au cha muuguzi, au cha fundi, labda hapahapa Thika au Ruiru, labda mbali zaidi. Siku moja, mchana wa joto, itakujia amri yenye haraka, yenye jina kubwa, yenye kukukataza usimwulize mtu. Jua kuwa mambo hayo matatu yakikutana, yaani haraka, jina kubwa na siri, hodi hiyo si ya kawaida. Usijibu kwa njia ileile iliyoleta amri, maana mwizi ndiye atakayekujibu. Tafuta namba unayoijua tangu zamani, au inuka kitini uende kwa miguu, uulize. Mkubwa akikukasirikia, hasira yake itapoa. Fedha za watu zikiondoka, aghalabu hazirudi.

Na siku moja nyingine, ukijaliwa, utakaa katika kiti cha mkubwa. Siku hiyo kijana mdogo, mshahara wake mdogo, atakupigia simu kwa sauti ya kutetemeka, aulize kama kweli ni wewe. Utakuwa na kazi nyingi, utakuwa umechoka. Mshukuru. Mshukuru kwa sauti, wenzake wasikie.

Nami hukumbuka mara nyingi meza ya mama yule, na chai yake, na maneno yake mawili. Siwezi kuzirudisha fedha za mahindi, wala siwezi kumrudishia kazi yake. Lakini tangu siku ile mtu akiniletea karatasi barazani na kuniambia, "Mwalimu, hebu nitazamie," huweka chini madaftari yangu, nikaisoma mpaka mwisho.